Kasoro, kosa na aibu: mhadhara juu ya neno moja la mahakamani

Mhadhara huu ulitolewa Lubumbashi, mbele ya wafanyabiashara wa sokoni, wanafunzi wa sheria na wakalimani. Umeandikwa kama ulivyosemwa.

Wamama na wababa, ndugu zangu wa sokoni, wanafunzi, karibuni. Mwenye ukumbi amenipa saa moja, akanionya kwamba avoka, yaani wakili, akipewa saa moja huchukua mbili. Nitajitahidi. Nitajitahidi pia na Kiswahili bora, ingawa kile cha mtaani kwetu Katuba kitanitoka njiani. Mtanisamehe.

Nianze na mzee mmoja. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma la tribinali, nangoja faili yangu iitwe. Mbele yetu alisimama mzee aliyeuza parseli yake, yaani kiwanja chake, au tuseme aliyeambiwa ameiuza. Yeye alijua ametia kidole kwenye karatasi ya kupangisha. Karatasi ilisema ameuza. Avoka wake, kijana mwenye Kifaransa kilichonyooka, akasimama akamwambia juji kwamba ukubali wa mteja wake ni “vicié”. Mkalimani hakusita. Akamgeukia mzee: “Avoka wako anasema ukubali wako ulikuwa na uovu.”

Mzee akavua kofia. “Mimi? Nimenyang'anywa parseli, halafu avoka ninayemlipa mwenyewe ananiita muovu mbele za watu?”

Chumba kizima kilicheka, mpaka juji akagonga meza. Nami nilicheka. Lakini usiku, nikiwa nyumbani, nikaona kwamba yule mkalimani hakuwa mjinga hata kidogo. Fungua kamusi ya Kifaransa, tafuta “vice”. Utakuta ulevi, uasherati, kamari, tabia mbaya iliyomshinda mwenyewe. Mkalimani alitafsiri neno analolijua kila mtu. Bahati mbaya, mahakamani neno hilo haliishi maisha yale linayoishi mtaani.

Asili yake ni Kilatini, “vitium”. Waroma walilitumia kwa ukuta wenye ufa, kwa farasi anayechechemea, hata kwa sentensi iliyojengwa vibaya. Lilikuwa neno la dosari tu. Baadaye wahubiri na walimu wa maadili wakalichukua, wakalipeleka kwenye roho za watu, na huko likakaa. Wanasheria, watu wasiopenda kuhama, walibaki na lile la zamani. Kwa hiyo leo Kifaransa kina neno moja lenye nyumba mbili, na mteja wetu akisikia mlango unagongwa hajui ni nyumba ipi.

Msifikiri ni tatizo la Wazungu peke yao. Sisi tuna “aibu”. Kwa Kiarabu, lilikotoka, ni dosari ya kitu kwanza. Sheria ya Kiislamu ya biashara inampa mnunuzi hiari ya kurudisha mali kwa sababu ya “aibu”, yaani mbuzi mgonjwa, kitambaa kilichotoboka. Waosmani, watawala wa dola ya Uturuki ya zamani, walipoziandika sheria hizo kwa vifungu, kati ya 1869 na 1876, kifungu 338 kikasema kwamba aibu ni kile kinachopunguza bei ya mali machoni mwa wajuzi wa mali hiyo. Machoni mwa wajuzi! Si machoni mwa mnunuzi aliyekasirika, wala mwa muuzaji anayeapa kwa jina la mama yake. Ndiyo fasili fupi ya kasoro ninayoipenda kuliko zote. Lakini Kiswahili kilipolipokea neno hilo kiliacha mbuzi na kitambaa, kikachukua uso wa mtu anayeinamisha kichwa. Leo ukimwambia muuza nguo wa Kenya, mtaa wetu hapa Lubumbashi, kwamba suruali yake ina aibu, ataangalia kama zipu imefunguka.

Basi tuchukue neno gani? Tuna “dosari”, tuna “ila”, tuna “hitilafu”, tuna “ubovu”. Tuna hata “walakini”. Jamaa wa pwani wakisema “mali hii ina walakini”, wamechukua neno la “lakini” wakaligeuza kuwa jina la kitu. Kila mkataba niliowahi kuusoma, uliokuja kunipa kazi, ulikuwa na walakini mahali fulani.

Lakini mimi nitasimama na “kasoro”, na nitawaeleza kwa nini. Hapa Lubumbashi wengi tunasoma saa kwa Kifaransa, ila waliokaa Kigoma au Dar es Salaam wanajua: saa tatu kasorobo. Hakuna anayesikia “kasorobo” akafikiri saa ni mbovu. Anaelewa kwamba imebaki robo ifike saa tatu. Huwezi kusema kasoro bila kusema kasoro ya nini, kufika wapi. Kunakuwa na saa kamili kichwani kwanza, halafu unapima pengo. Sheria nayo inafanya hivyohivyo kila inapotumia “vice”, au mwenzake “défaut”. Haiulizi kama kitu ni kibaya. Inauliza kilipaswa kufika wapi, na kimeishia wapi.

Waroma walibishana sana juu ya hilo. Wasimamizi wa soko lao, wale walioitwa “aediles”, waliwaamuru wauzaji wa wanyama na wa watumwa kutangaza magonjwa na dosari kabla ya kuuza. Mnunuzi aliyefichwa alikuwa na miezi 6 ya kurudisha, au mwaka 1 wa kudai bei ipunguzwe. Nasema bila kulipamba: katika “mali” hiyo walikuwamo binadamu, na sisi wa Katanga, nchi ya mfalme Msiri, tunajua misafara ilibeba nini pamoja na pembe za ndovu. Basi wakauliza: mtu aliyekosa jino ana kasoro? Mwanasheria Paulus akajibu hapana. Watu wengi wamekosa jino moja au jingine, tena tunazaliwa bila meno na hatuwi wagonjwa. Ikiwa ni hivyo, hakuna mzee mzima duniani. Mnaona anachofanya? Anakataa kupima kwa kipimo cha mtu asiyekuwapo, yule mwenye meno yote siku zote.

Sasa nije kwangu, maana avoka asiyewahi kupigwa ni mwongo. Nilipohamia nyumba ninayokaa sasa nilinunua grupu, yaani jenereta, iliyotumika kwa muuzaji mmoja wa mjini. Aliiwasha mbele yangu, taa ikawaka, tukapeana mikono. Nyumbani ikanguruma dakika ishirini, ikazima. Ikapoa, ikawaka, dakika ishirini, ikazima. Fundi alipoifungua akakuta ufa umezibwa kwa gundi, na juu ya gundi rangi mpya, safi kabisa, ya rangi ileile ya mashine. Wenyeji wa lugha wanasema kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi gunia lilikuwa wazi na bado sikumwona mbuzi. Na karatasi ya ununuzi sikuwa nayo. Msicheke sana.

Tuipime grupu ile kwa sheria yetu. Sheria ya mikataba tunayotumia ni dekree, yaani amri ya kisheria, ya 30 Julai 1888, ya wakati wa Leopold, mfalme wa Wabelgiji aliyeitawala Kongo, ambayo kwa mauzo imefuata Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa ya 1804 karibu neno kwa neno. Inasema muuzaji anadhamini kasoro zilizofichika zinazokifanya kitu kisifae kwa matumizi yake, au kupunguza matumizi hayo kiasi kwamba mnunuzi, angejua, asingenunua au angetoa bei ndogo zaidi. Sasa: grupu ilikuwa ya zamani. Hiyo si kasoro, niliijua, na bei ilijua. Kishikio kilikuwa kimekatika. Hiyo ni kasoro lakini ilionekana, na sheria haimbebi mtu aliyekataa kutumia macho yake. Ufa ulikuwa chini ya rangi, ulikuwapo kabla ya kununua, na mashine inayokaa dakika ishirini haiwezi kuendesha friji. Hapo tumefika.

Na muuzaji angesema, “Mimi nami nilinunua hivyohivyo, sikujua”? Hili ndilo linalowashangaza watu wa soko kila nikilisema, na naona mama pale tayari anatikisa kichwa. Asiyejua bado anawajibika, isipokuwa kama mlikubaliana tangu mwanzo kwamba hadhamini chochote. Atarudisha bei na gharama za ununuzi. Aliyejua anaongezewa fidia ya madhara yote. Kwa hiyo kasoro ni swali moja, na hatia ya muuzaji ni swali jingine linalokuja baadaye, tena kwenye hesabu ya fidia tu. Mtu mwema kabisa anaweza kuuza kitu chenye “vice caché”, kasoro iliyofichika. Neno halimgusi yeye, linaigusa grupu. Ile rangi juu ya gundi, hiyo ndiyo iliyomgusa yeye.

Mapokeo ya Kiislamu yana kisa kinachoeleza hili kuliko kifungu chochote. Mtume Muhammad alipita sokoni akaingiza mkono ndani ya lundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka ni nini hiki. Akajibu kwamba mvua iliinyeshea. Akamuuliza mbona hukuiweka juu watu waione. Mvua haikuwa kosa la mtu. Kuweka nafaka kavu juu ndilo lililomponza.

Mwisho wa grupu yangu: sheria inampa mnunuzi kuchagua, arudishe kitu apewe bei yote, au abaki nacho arudishiwe sehemu ya bei. Muuzaji alinirudishia theluthi, mimi nikabaki na ngurumo zangu za dakika ishirini. Lakini niliwahi. Mashtaka haya yanataka kufunguliwa ndani ya “muda mfupi”, na sheria yetu ya zamani haisemi mfupi kiasi gani, juji anapima. Wafaransa walichoka na ubishi huo, tangu 2005 wameweka miaka 2 tangu kasoro kugunduliwa. Nyinyi mnaouziana kwa jumla, mfanyabiashara kwa mfanyabiashara, mna sheria nyingine kabisa: OHADA, sheria ya biashara ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, iliyoanza kufanya kazi kwetu tarehe 12 Septemba 2012. Huko kasoro inayoonekana mnunuzi anaitangaza kwa muuzaji ndani ya mwezi 1 tangu kupokea mali. Iliyofichika, mashtaka yafunguliwe ndani ya mwaka 1 tangu siku ilipoonekana au ilipopaswa kuonekana. Kwa hiyo lori likitoka mpakani Kasumbalesa na magunia mia tatu, usiyapange bohari ukaenda kwenye matanga wiki tano.

Jambo moja la haraka kwa wenye parseli, kwa sababu kila wiki mtu ananijia akisema “parseli yangu ina vice caché, kumbe ina mwenyewe”. Hapana. Nyumba yenye msingi uliojengwa juu ya kichuguu kilichosawazishwa, hiyo ina kasoro. Nyumba inayodaiwa na mtu mwingine mwenye cheti haina kasoro yoyote, inaweza kuwa nzuri kuliko zote mtaani. Ila haikuwa ya aliyekuuzia. Hiyo ina dhamana yake mbali, na mlango wake mbali. Mkiingilia mlango usiowahusu mtazungushwa miaka.

Sasa turudi kwa mzee wetu na ukubali wake. Kifungu cha 8 cha dekree ileile kinataka mambo manne ili mkataba usimame: ukubali wa anayejifunga, uwezo wa kufanya mkataba, kitu maalumu kinachokubaliwa, na sababu iliyo halali. Cha 9 kinasema ukubali haufai kama ulitolewa kwa kukosea, au uliporwa kwa nguvu, au ulinaswa kwa hila. Hapa “vice” haiko kwenye kitu tena. Iko kwenye njia iliyotoka kichwani mwa mtu mpaka kwenye kidole chake. Kipimo ni kilekile cha saa: kidole kilipaswa kufuata akili inayojua inachokubali. Mzee alijua robo tatu, robo ya mwisho alifichwa. Ukubali kasorobo.

Na angalieni nani anafaidika. Wanaposema ukubali wa mzee ni “vicié”, wanamtetea. Wanasema alama ya kidole ipo, ni yake, lakini haina mtu ndani. Aliyefanya hila ni upande wa pili, na hila haidhaniwi tu: aliyedai lazima aithibitishe. Mashahidi, karatasi, aliyesoma waraka siku ile aliusoma kwa lugha gani.

Kipimo chenyewe kinahama, hilo nalo msilisahau. Kanuni ya Familia ya 1 Agosti 1987, kifungu 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa tendo la kisheria linalomfunga kutimiza jambo yeye mwenyewe. Mama aliyesaini mkataba wa kazi bila ruhusa hiyo alikuwa na walakini kwenye sahihi yake, hata kama ndiye aliyekuwa akilisha nyumba nzima, na mnajua mjini hapa ni wangapi. Tarehe 15 Julai 2016 sheria ikabadilishwa. Kifungu hicho sasa kinataka mume na mke wapatane, wote wawili. Mama ni yuleyule, kalamu ni ileile. Kilichohama ni saa kamili, na kasoro ikahama nayo.

Wanafunzi wa sheria naona wananingoja kwenye “vice de procédure”, kasoro ya utaratibu wa kesi, kwa sababu redio wamewafundisha watu kwamba ukipata kosa la tarehe kwenye karatasi, mwizi anarudi nyumbani. Si hivyo. Dekree ya 7 Machi 1960 juu ya mashauri ya madai, kifungu 28, inasema kasoro ya hati haiibatilishi hati hiyo ila ikiwa inaumiza maslahi ya upande wa pili. Wito umekosea herufi ya jina la avenyu yako, lakini ukafika, umeketi, na avoka wako yupo: umeumia wapi? Wito umekuita kwa siku iliyokwisha pita: hapo umeumia. Kwenye mambo ya jinai kuna vipimo ambavyo juji hapaswi kuvipuuza. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu 18, inataka mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu na tuhuma, katika lugha anayoielewa, na asiwekwe na polisi zaidi ya saa 48. Lugha anayoielewa. Wakalimani wangu, hapo ni pahala penu, na ndiyo maana nimewaita leo.

Kwa sababu mtego mkubwa bado sijautaja, na uko kwenye Kiswahili chenyewe. Kifaransa “défaut” ni dosari, lakini pia ni kutokuwapo. “Jugement par défaut” haina kasoro yoyote. Ni hukumu iliyotolewa mtu hayupo. Sisi tutatafsirije? Nimesikia kwa masikio yangu: “Bwana huyu alikosa mahakamani.” Alikosa! Msikilizaji atajua je kama hakufika, au alifika akamtukana juji? Lugha yetu imefunga kupungukiwa na kutenda dhambi kwa kamba moja: nimekosa pesa, nimekosa adabu, nimekosa treni, nimekukosea mama. Mtu aliyekosa nauli ya kutoka Kipushi anaandikwa “alikosa”, na miaka miwili baadaye jirani anamwonyesha kidole. Semeni “hakufika”. Ni neno dogo, halimwongezei mtu deni asilo nalo.

Niguse na bidhaa za viwandani, kwa ufupi, maana huko fundisho limegeuka kidogo. Jumuiya ya Ulaya, kwa agizo la 25 Julai 1985, ilisema bidhaa ina kasoro isipotoa usalama ambao mtu ana haki ya kuutarajia. Grupu isiyowasha taa ni hasara ya mfuko. Inayounguza nyumba ni jambo jingine. Marekani, ambako mahakama kuu ya California ilifungua njia hiyo mwaka 1963 kwa shauri la mtu aliyepigwa kwenye paji la uso na kipande cha mti kilichoruka kwenye mashine ya useremala, wamezoea kutafuta kasoro mahali patatu: kwenye kutengeneza, kwenye mchoro wenyewe, na kwenye onyo. Hilo la tatu ndilo linanihangaisha. Grupu inatoa moshi unaoua ndani ya chumba kilichofungwa. Onyo lipo, limebandikwa vizuri, kwa Kichina. Kwa anayelala mtaani Ruashi na grupu barazani kwa kuogopa wezi, onyo hilo lipo au halipo? Mimi najua ningesema nini mbele ya juji.

Mzee wetu? Juji alimwita mkalimani akamwambia arudie. Mkalimani akafikiri, akasema: “Baba, hawakuiti muovu. Wanasema siku ile uliyotia kidole, kuna neno hukuambiwa.” Mzee akarudisha kofia kichwani. “Neno moja tu? Yalikuwa mengi. Niyaseme?” Na akaanza kuyasema, na karani akawa anaandika, na faili yangu mimi haikuitwa siku hiyo.

Saa yangu, kwa Kiswahili bora, ni saa kumi na moja kasorobo, na ukumbi ni wetu mpaka saa kumi na moja. Mama wa cherehani, uliinua mkono mapema. Uliza.